Mama Lucas na Kenafu ya Pongwe

Jani lilikuwa na vidole vitano, na kingo zake zilikuwa na meno madogo kama ya msumeno. Imakulata aliliona asubuhi ya kwanza alipofikishwa shambani Pongwe. Mbele yake palikuwa na shamba zima la majani ya namna hiyo, juu ya mashina membamba yaliyompita kimo, yamesongamana hata huwezi kuona upande wa pili.

Alichuma jani moja, akalifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kumfuata msimamizi kama mtu asiyeona chochote cha ajabu.

Ukienda Mabawa ukamwulizia Mama Lucas mshona mifuko, watu watakuelekeza kwake, na wengi wataongeza kwamba ni mama mwema ila hamwamini mtu. Akinunua samaki humfunua mashavu mbele ya muuzaji yule yule anayemuuzia kila wiki. Akiambiwa padri kahamishwa, hapokei habari hiyo mpaka afike parokiani akaulize mwenyewe. Hakuzaliwa hivyo. Baba yake alitoka Njombe enzi za manamba, akaletwa na lori kukata mkonge, akiahidiwa kwamba mkataba ukiisha atarudishwa kwao. Akafia kambini, njia ya Muheza, bado anazungumzia kurudi. Imakulata alikulia kambi hiyo hiyo, akafanya kazi chumba cha brashi, mahali wanawake wanaposafisha nyuzi kavu za mkonge na kumeza vumbi lake, mpaka mashamba yalipodorora na nyumba za kambi zikaanza kubomoka. Waliambiwa wasubiri, kazi itarudi. Alisubiri, akachoka, akahamia mjini na cherehani yake.

Halafu kukawa na mambo ya Lucas, mtoto wake wa pekee. Lucas alianza kuvuta bangi akiwa sekondari. Kila alipoulizwa alikana, na mama yake alimwamini, maana alikuwa akiapa huku ameshika rozari. Siku Imakulata aliporudi kutoka misa akakuta cherehani haipo, imeuzwa, ndipo alipoelewa kwamba viapo vyote vile vilikuwa uongo. Ilimchukua muda mrefu kupata cherehani nyingine. Baadaye Lucas alijipeleka mwenyewe kwenye nyumba ya kuachia ulevi, zile wanazoziita soba, akakaa huko, akatoka mtu mwingine. Alijifunza useremala, akapanga chumba Nguvumali, na miaka ikapita bila kisa. Lakini kila Jumapili alipokuja kula kwa mama yake, Imakulata alimkumbatia mlangoni na kumnusa ukosi wa shati. Lucas alijua anachofanya. Alisimama tu, mikono chini, mpaka amalize.

Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa na jani la vidole vitano kwenye pindo la kanga.

Kazi yenyewe alifuatwa nyumbani. Siham, binti wa Bwana Hashil, yule Mwarabu mwenye duka la zamani Usagara, alikuja na gari hadi mlangoni kwake Mabawa, akavua viatu, akaketi mkekani kama mtu wa nyumba hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Siham alitoa kwenye mkoba fungu la nyuzi, akamwekea mkononi. Zilikuwa laini kuliko mkonge, zenye rangi ya mchanga mkavu, na zilivutika bila kukatika.

"Hizi ni nini?" Imakulata aliuliza.

"Nataka mifuko ya kufungia viungo vya kutoka milima ya Amani. Karafuu, iliki, pilipili manga. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku watu wanahangaika. Nimeambiwa hakuna anayezijua nyuzi kama wewe."

"Nimekuuliza ni nini."

Siham alicheka. "Njoo shambani utaona, mama."

Jibu hilo Imakulata hakulipenda. Mtu mwenye kitu cha halali, aliwaza, hutaja jina lake. Lakini kazi za kushona zilikuwa zimepungua, na binti alikuwa ameketi mkekani kwa adabu, kwa hiyo alikubali.

Sasa alikuwa ameona. Ardhi ile ilikuwa ya Bwana Hashil tangu zamani, shamba la mkonge lililoachwa likawa pori. Siham alipomaliza masomo yake Ulaya alirudi, akalifyeka, akalizungushia waya, akaweka geti na mlinzi. Wafanyakazi walikatazwa kupiga picha. Mbegu zilikuja kwenye vifurushi vyenye maandishi ya kigeni. Na wageni walikuja, wazungu na watu wa Dar es Salaam, wakatembezwa, wakapigiwa hesabu kwa Kiingereza, wakaondoka.

Msimamizi aliitwa Uweso, mtu wa Pongwe hapo hapo, mwenye sauti ya upole na kofia safi kila siku. Alikuwa mtu wa kwanza kumwonesha Imakulata kila kitu: banda la kukaushia, bwawa la kulowekea mashina mpaka ganda liachie, stoo yenye kufuli kubwa. Walipofika mwisho wa njia ya katikati alimgeuza.

"Usiende kule bondeni, dada. Kuna nyuki wakali, walimuuma mtu juzi."

"Na hili zao linaitwaje, ndugu yangu?"

Uweso alitazama pembeni kabla ya kujibu. "Wenyewe wanaliita kenafu. Mimi nalima ninachoambiwa. Matajiri wana mambo yao, dada. Wewe shona mifuko yako."

Maneno hayo yalimkaa Imakulata kifuani kuliko jani lenyewe.

Jumapili ile hakumnusa Lucas. Alimkaribisha, akampakulia wali na samaki wa kupaka, na alipokwisha kula akafungua pindo la kanga, akaliweka jani juu ya meza.

"Hili ni nini?"

Lucas aliliangalia, halafu akamwangalia mama yake. Alilichukua, akalisugua kati ya vidole, akalipeleka puani. Haikumchukua muda.

"Siyo, mama."

"Siyo nini? Mimi sijataja kitu."

"Siyo unachodhani. Hili ni jani moja limechanwachanwa. Lile lingine kila kidole ni jani peke yake. Na harufu haipo kabisa. Hili ni kama la bamia."

Imakulata alilichukua jani lake, akalirudisha kwenye kanga. Angepaswa kupumua. Badala yake aliwaza jinsi mwanawe alivyojua upesi, na jinsi sauti yake ilivyokuwa tulivu. Mtu aliyeacha kitu miaka mingi bado anakijua kiasi hicho?

Aliendelea kwenda Pongwe. Alifundisha wanawake wawili kusokota na kushona, akatoa mfuko wa kwanza, ukapendeza. Lakini macho yake hayakutulia. Siku moja Siham aliwapikia wafanyakazi majani machanga ya kenafu kwa tui la nazi, yakatoka na utelezi kama mlenda. Wanaume walikaa mbali na sufuria. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba huo ndio ujanja wao, wanakuzoesha kidogo kidogo. Siham aliwasikia. Akachota ugali, akatowea, akala mbele yao hadi akamaliza sahani.

"Mama Lucas, hata wewe?"

"Nina mfungo wangu, mwanangu," Imakulata alisema, ingawa haikuwa Kwaresima.

Mchana ule Siham alimfuata bandani, akaketi juu ya mzigo wa mashina makavu.

"Najua mnanionaje. Ngoja nikwambie ukweli wote. Kule nilikosoma wanalima bangi isiyolevya. Mbegu wanakula na kukamua mafuta, nyuzi wanashonea na kufungashia, kiini cha shina wanachanganya na chokaa wanajengea nyumba. Nikatamani kuja kuilima hapa. Nikaambiwa na mwanasheria, hapa kwetu bangi ni bangi, sheria haichagui, ukipanda unafungwa. Nikaachana nayo. Nikatafuta mmea wa kufanya kazi hizo hizo usio na kosa. Ndiyo hii kenafu. Ndugu yake ni bamia na choya, ile ya juisi nyekundu. Hata zamani ililimwa nchini kwa ajili ya magunia. Ikitoa ua utaona mwenyewe, ua la bamia kabisa, na moyo mwekundu katikati."

"Kwa nini hukusema siku ile kwangu?"

"Kwa sababu nikianza na neno bangi, watu hawasikii tena neno la pili."

Imakulata aliitikia kwa kichwa. Moyoni aliwaza kwamba huyu binti ametamka kwa mdomo wake kuwa alitaka kupanda bangi. Aliyetaka jana anaweza kutaka leo. Akasema atasubiri ua.

Kabla maua hayajachanua, Lucas aliomba kwenda kuona mahali mama yake anapofanya kazi. Alikuwa anatengeneza kalibu za mbao za kufyatulia matofali, na alisikia Siham anataka za kujaribia matofali ya kiini cha kenafu na chokaa. Imakulata hakupenda, lakini hakupata sababu ya kukataa. Lucas akafika, akapima vipimo na Siham, wakaelewana vizuri. Kisha akasema anataka kutembea kidogo, akapita njia ya katikati, mikono mgongoni, akapotea ndani ya mashina.

Alikawia. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Hakumuaga Siham vizuri. Alimvuta mama yake pembeni ya geti.

"Mama, acha kazi hii."

"Kwa nini?"

"Acha tu. Kuanzia kesho usije."

"Lucas, umeona nini huko?"

"Nimekuambia acha." Akapanda baiskeli yake akaondoka, na Imakulata akabaki amesimama na swali moja tu kichwani: mwanangu alikuwa anafanya nini huko bondeni muda wote huo?

Hakuacha kazi. Alirudi kesho yake na keshokutwa, akamchunguza kila mtu. Alimwona Siham akizungumza Kiarabu kwenye simu akicheka. Alimwona Uweso akifunga stoo na kuvuta kufuli kwa nguvu kuhakikisha. Aliona nyayo za ndala kwenye tope la kuelekea bondeni, akajiambia ni ndala za Lucas. Halafu akakumbuka kuwa Lucas alikuja na viatu. Halafu akajiuliza kama kweli alikuja na viatu.

Polisi walikuja asubuhi, wafanyakazi wakiwa wanakunywa chai. Magari yaliingia getini, askari wakateremka, wakaenda moja kwa moja bondeni bila kuuliza njia. Walirudi wamebeba mimea waliyoing'oa na mizizi yake, na harufu ikawatangulia. Hata aliyekuwa hajawahi kuisikia aliijua. Kule chini, katikati ya kenafu iliyosongamana, kulikuwa na bustani nzima ya bangi ya kweli, imepaliliwa na kumwagiliwa, imefichwa na mashina ya jirani zake.

Siham alishika mdomo. "Sijui kitu," alisema. "Wallahi sijui kitu."

Watu walimtazama, kisha mmoja mmoja wakageuka kumtazama Imakulata. Aliona wanachofikiri. Yeye ndiye mpelelezi, anayechuma majani na kuuliza maswali, asiyekula chakula cha tajiri. Yeye ndiye aliyeuza habari. Siham naye alimtazama hivyo hivyo, na macho yake yalikuwa na uchungu.

Hapo Uweso akasogea mbele, kofia mkononi.

"Afande, mimi sipendi kumsingizia mtu. Lakini kuna kijana alikuja hapa, mtoto wa huyu mama. Alipita huku bondeni peke yake, akakawia. Mabawa nzima inamjua kwa bangi."

Afande mkubwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni. Alimgeukia Imakulata taratibu.

"Ni kweli, mama? Mwanao alifika huko?"

"Alifika."

"Ni mvutaji?"

"Alikuwa. Aliacha."

"Unaamini aliacha?"

Imakulata aliona mbele yake cherehani iliyouzwa, rozari iliyoapiwa, jani lililosuguliwa kwa vidole vilivyojua. Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema sijui.

"Simwamini," alisema.

Afande alimtazama kwa namna ambayo hakuielewa, kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza. Kisha akaamuru Siham apande gari. Uweso akaambiwa afike kituoni kesho kutoa maelezo.

Imakulata alichukua bajaji hadi Nguvumali. Alimkuta Lucas nje ya chumba chake, anapiga randa ubao, vumbi la mbao limemjaa nywele. Hakumsalimia. Aliingia ndani, akafungua sanduku la nguo, akazitoa moja moja na kuzinusa. Akageuza godoro. Akachungulia nyuma ya kabati. Lucas aliingia, akaegemea mlango akimtazama.

"Bado mto, mama," alisema. "Mto hujaufungua."

Imakulata aliufungua mto. Sufi zikamwagika sakafuni.

"Polisi wamekuja shambani," alisema akihema. "Wamekuta bangi. Uweso amekutaja. Ulikuwa unafanya nini kule bondeni?"

"Nilisikia harufu nikaifuata."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nimeisikia harufu, ungeniuliza nimeijuaje." Alisema bila hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nilikuomba uache kazi ili usiwepo siku wakija. Kesho yake nikaenda polisi mwenyewe. Mimi ndiye niliyewaambia, mama."

Imakulata alisimama katikati ya sufi na nguo.

"Unaniongopea."

Lucas alitikisa kichwa. Alitoka nje, akarudi kwenye ubao wake, na sauti ya randa ikaanza tena.

Mtu mwingine angemwamini hapo, au angerudi nyumbani akalia. Imakulata alikwenda kituoni. Kama alivyokuwa akienda parokiani, alitaka kusikia kwa masikio yake. Afande mwenye mvi alimpokea kwenye benchi la nje.

"Nataka kujua nani aliyewaletea habari ya lile shamba."

"Hilo hatulisemi, mama. Mtu akituamini na sisi tunamlinda."

"Ni mwanangu?"

"Nimekwambia hatulisemi." Afande alivua kofia, akajifuta jasho. "Ila nakwambia kama mzazi mwenzako. Leo asubuhi nilipokuuliza lile swali, nilitegemea jibu lingine. Nenda nyumbani ukamwombe radhi mwanao."

Imakulata aliinuka kwenye lile benchi, akashika njia ya kurudi Nguvumali.

Kesho yake Uweso hakufika kituoni. Walipovunja kufuli la stoo, ambalo ufunguo wake alikuwa akitembea nao yeye tu, walikuta nyuma ya marobota ya nyuzi za kenafu magunia ya bangi iliyokaushwa, tayari kusafirishwa pamoja na mzigo halali. Alikamatwa Horohoro akitaka kuvuka mpaka. Ilijulikana kwamba siku ya kwanza tu alipoliona jani la kenafu, alijua hapo pana mahali pa kufichia. Nyuki walikuwa hadithi yake. Minong'ono kwamba tajiri anawazoesha watu bangi kidogo kidogo, naye ndiye aliyeianzisha. Shamba linaloogopwa halina watu wa kuzungukazunguka.

Siham alikaa mahabusu mpaka mkemia alipothibitisha kuwa shamba lililobaki lote ni kenafu isiyo na kileo. Alipotoka alikuwa amekonda. Watu wa duka la Usagara walimshauri aliuze shamba, na mama yake, Bi Muzna, alilia akimtaka arudi Ulaya. Yeye akaenda Mabawa, akavua viatu, akaketi mkekani pale pale.

"Nilidhani ni wewe uliyeniuza, Mama Lucas. Kule ndani nilikulaani kila nilipokunja mkeka wa kuswalia."

"Na mimi nilidhani unauza bangi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kutaja jina la nyuzi zako."

Siham alicheka, kicheko kikavu kilichoishia njiani. "Basi hilo nimejifunza. Kesho nafungua geti. Mtu yeyote wa Pongwe anayetaka kuona aingie."

Geti lilifunguliwa, na kwa bahati maua yalikuwa yamechanua. Watu waliingia na watoto wao, wakatembea kati ya mashina, wakaona maua ya manjano hafifu yenye moyo mwekundu, wakabishana kama ni bamia au choya. Wengine walirudi nyumbani wakisema wamelogwa macho. Mpaka leo wapo Pongwe wasioamini. Lakini wanawake waliokuja kuona waliomba mbegu, na wengine wakachuma majani ya kupika. Imakulata naye alikula, mbele ya watu, bila kusema neno kuhusu mfungo.

Siham alimwita Lucas ashike nafasi ya Uweso. Lucas alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru.

"Hapana, dada. Siku ikipotea mbegu moja, mtanitazama mimi. Na sitawalaumu. Lakini sitaki kuishi nikitazamwa."

Alikubali kazi ya kalibu tu. Alizitengeneza vizuri, na kwa kalibu hizo yakafyatuliwa matofali ya kwanza: kiini cha kenafu kilichokatwakatwa, chokaa ya Pongwe, na maji. Yalikuwa mepesi, mtoto angeweza kubeba moja kwa kila mkono. Fundi mwashi alilipiga teke tofali la kwanza akitarajia lisambaratike, akaumia kidole. Wakajenga chumba kimoja cha kuhifadhia mifuko, wasijue kitastahimili masika mangapi. Masika ya kwanza yalipita na ukuta ukasimama, ingawa kona ya kusini iliota ukungu, na Siham bado anahangaika nayo.

Kati ya Lucas na mama yake mambo hayakujengeka upesi hivyo. Imakulata alikwenda Nguvumali siku ile ile aliyotoka kituoni, akamkuta anakusanya sufi za mto na kuzirudisha ndani. Alipiga magoti sakafuni akamsaidia. Akamwomba radhi, kwa maneno machache, maana mengi hayakutoka.

"Nimekusikia, mama," Lucas alisema. Hakusema amesamehe.

Jumapili iliyofuata hakuja kula. Wala ile nyingine. Alikuja baada ya mavuno, ameleta stuli aliyoitengeneza ya kukalia kwenye cherehani, kwa kuwa alikumbuka mama yake analalamika mgongo. Imakulata alimpokea mlangoni. Alimpa mkono, kama unavyompa mgeni wa heshima, akaurudisha upesi. Lucas aliuona mkono huo ukirudi, akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo.

Walikula. Waliongea habari za mbao, habari za mvua, habari za padri mpya. Alipomaliza, Lucas alinawa, akasema anakwenda.

Imakulata alitaka kumwuliza anakwenda wapi, atakuwa na nani, atarudi saa ngapi. Alibana midomo. Alimfungulia mlango, akamsindikiza hadi barabarani, akasimama hapo mpaka baiskeli ilipokunja kona, kisha akarudi ndani kuosha vyombo.